Kitovu cha mtoto: nimsikilize sista au darasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya uuguzi mwaka wa pili, hapa Mtwara. Darasani tunaambiwa kila tunalomfanyia mgonjwa liwe na ushahidi. Wodi ya wazazi niliyopangiwa, sista ananiagiza nifute vitovu kwa spiriti kila asubuhi. Nikiuliza sababu, anasema, "Nimefanya hivi hujazaliwa." Nifanyeje?
Mwanafunzi, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, usibishane naye mbele ya mzazi. Mtu kajifungua usiku, mnamvutania nini kitandani?

Pili, swali lako halijakaa sawa. Wanafunzi wangu hawagusi simu mpaka waliandike hivi: mtoto gani, anafanyiwa nini, badala ya nini, tunatarajia nini. Lako liwe: mtoto aliyezaliwa hospitali, kitovu kufutwa kwa spiriti, badala ya kuachwa kikavu na kisafi, je, maambukizi yanapungua? Ukitafuta hivyo utakuta spiriti huchelewesha kitovu kudondoka, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kikavu na kisafi.

Wengi hapo hufunga daftari. Wewe endelea. Utafiti wa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kitovuni, uliofanyika Nepal na kutoka 2006, ulionyesha vifo vya watoto wachanga kupungua. Bangladesh, 2012, vivyo hivyo. Pemba, hapa hapa kwetu, matokeo ya 2016 hayakuonyesha punguzo la kutegemewa, na Zambia mwaka huohuo hali ilikuwa hiyohiyo. Dawa ni ileile! Ndiyo maana hunikera mtu akisema "utafiti umethibitisha" bila kutaja wapi na kwa watoto gani. Mwongozo wa WHO wa 2022 umebakiza klorheksidini, wiki ya kwanza tu, kwa sehemu ambako watu wamezoea kupaka kitovu vitu vyenye madhara.

Je, wazazi wa wodi yako wanatoka sehemu za namna hiyo? Kitabu hakikwambii. Mama anayerudi kijijini Newala muulize taratibu, bila kumkunjia uso: "Mkifika nyumbani, bibi atapaka nini?" Akitaja jivu, andika. Na huo ni ushahidi.

Sista naye si adui. Spiriti alifundishwa darasani, kama wewe unavyofundishwa leo. Mwombe dakika tano kabla ya kukabidhiana zamu, umwonyeshe ukurasa mmoja, si kumi. Akiuelewa, mwachie yeye aupeleke kwa inchaji, yaani mkuu wa wodi.