Barua za Jikoni: Trufu si bowa, mama, usiichemshe

*Yaya, jambo. Mkwe wangu amerudi kutoka Italia, ameniletea kitu cheusi chenye vipele, kikubwa kama yai la kuku. Wanakiita trufu ya kiangazi, na bei yake ni kali. Nilitaka kuipika na unga wa karanga kama bowa, binti yangu akanizuia. Sasa naiangalia tu kwenye frigo. Itakaa siku ngapi, na nitaipikaje?*
Mama wa Kampemba

Mama, mshukuru binti yako. Trufu ni kuvu, ndugu ya bowa (uyoga), ila inaota chini ya udongo. Bowa yetu tunaichemsha, tunaikaanga na kitunguu na nyanya, tunaimwagia karanga, na bado inabaki bowa. Trufu ukiifanyia hivyo utakula karanga tupu. Utamu wake wote uko kwenye harufu, na harufu hiyo inaruka moto ukiwa mkali. Hii ya kiangazi, inayochimbwa Ulaya kuanzia Mei hadi Agosti hivi, harufu yake ni ya upole kuliko ile nyeusi ya baridi ya Périgord, Ufaransa. Kwa hiyo haivumilii mchezo hata kidogo.

Kwanza, usiioshe leo. Izungushie karatasi ya jikoni iliyo kavu, iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, kisha kwenye frigo. Kila siku fungua, futa unyevu, badilisha karatasi. Atakuja mtu akuambie uifukie kwenye mchele: usimsikilize, mchele utaikausha, na hewa yetu ya Julai tayari ni kavu vya kutosha. Kuianika juani kama bowa ndiyo kabisa usijaribu. Hesabu wiki moja tangu ilipochimbwa, ikiwa nzima sana siku kumi, na kumbuka imekwishapoteza siku kadhaa njiani. Ibonyeze kwa kidole: ikiwa ngumu, ni nzima, ikilegea, ikateleza na kunuka kama mkojo wa siku mbili, tupa. Na umeme ukikatika mchana kutwa, usingoje Jumapili, ile jioni hiyo hiyo.

Ndani ya chupa hiyo weka mayai mabichi, mazima na maganda yake. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na mafuta ya kiini yanashika harufu vizuri. Kesho yake au keshokutwa una mayai ya trufu, na trufu yenyewe hujaigusa.

Siku ya kupika, isugue kwa brashi laini ya meno iliyoloweshwa kidogo, ikaushe hapo hapo. Vipele vya ganda vinaficha mchanga, usiharakishe. Ukiikata utaona nyama ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na mishipa myeupe imejipinda ndani yake. Koroga yale mayai na chumvi, yapike kwa siagi juu ya mbabula yenye makaa machache, yatoe yakiwa bado yana majimaji. Yakiwa kwenye sahani, ndipo ukate trufu juu yake, vipande vyembamba mpaka uone kisu upande wa pili. Gramu kumi kwa mtu zinatosha. Funika dakika moja, kula.

Tambi zenye siagi zinafaa, viazi ulaya vilivyopondwa na maziwa pia. Bukari, kwa ulimi wangu, hapana. Pilipili, kitoyo na sombe viwe mbali na sahani hiyo. Mkwe hatakuambia, lakini ataumia.

Ikibaki, ikune ndani ya siagi laini, gramu kumi kwa gramu mia za siagi, chumvi kidogo, ukate vipande na kuvigandisha. Lakini usiitumbukize kwenye chupa ya mafuta na kuiacha kabatini. Kitu kilichotoka udongoni, kikikaa kwenye mafuta bila hewa, kinaweza kuotesha kijidudu cha botulizimu, na sumu yake huioni wala huinusi.

*Je, naweza kupanda trufu shambani kwangu, njia ya Kipushi?*
Baba wa Katuba

Baba, kukifukia kipande ardhini ni kukipoteza. Trufu inaishi kwenye mizizi ya miti hai, hasa mialoni na mihazeli, kwenye udongo wenye chokaa. Mti unaipa sukari, yenyewe inausaidia mti kupata maji na chumvi za udongo. Afrika Kusini wapo wanaoipanda, ila wanaanza na miche iliyokwishaambukizwa kuvu hiyo, kisha wanangoja miaka kabla mbwa aliyefundishwa kuinusa hajafukua ya kwanza. Bowa nyingi za misitu yetu ya miombo zinaishi hivyo hivyo na miti yake, ndiyo maana kila mahali tunapoikata miti hiyo kwa ajili ya makaa, akina mama wanaouza bowa barabarani wakati wa mvua wanatembea mbali zaidi. Kama kwenye shamba lako imebaki miombo hata michache, iache isimame, na Desemba upite chini yake na kikapu, pamoja na mtu anayezijua zile za sumu.