Utamu wa Papai Hutoka Mtini

*Nanunua mapapai soko la Kibuye yakiwa kijani, nayavundika kwa magazeti. Yanaiva vizuri, lakini wateja wanasema hayana utamu. Nakosea wapi? – Mchuuzi, Kisumu*

Hukosei popote, dada. Aliyechuma ndiye aliyeharakisha. Ndizi mbichi imejaa wanga unaogeuka sukari hata baada ya mkungu kukatwa, lakini papai halina akiba hiyo. Sukari yake hutengenezwa na majani na kuingia kwenye tunda hasa katika wiki za mwisho za kukomaa. Likichumwa mapema, litalainika na kugeuka rangi, ila utamu hautaongezeka kwa maana.

Sokoni, litazame kitako, upande ulio mbali na kikonyo. Ukiona hata mstari mmoja wa manjano, chukua. Kijani kitupu, achana nalo. Najua wakulima huchuma mapema kwa sababu papai laini hupondeka njiani, lakini mstari huo huonekana tunda likiwa bado gumu. Mwongezee mkulima wako shilingi kidogo ausubiri.

*Mbona basi papai likikaa siku tatu nyumbani huwa tamu zaidi? – Mwalimu, Kakamega*

Ni kazi ya vimeng'enya, mwalimu, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda. Tunda hutoa gesi ya ethileni, nayo huviamsha. Vingine, kama poligalakturonesi, humeng'enya pektini inayoshikanisha seli. Nyama ya tunda hulegea na maji yake matamu huufikia ulimi upesi. Kingine, invatesi, hupasua sukari iitwayo sukrosi ikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na fruktosi ni tamu kuliko sukrosi. Kwa hiyo utamu unausikia zaidi, ingawa jumla ya sukari ni karibu ile ile. Waonyeshe wanafunzi: kata papai lililoiva nusu tu, ubonyeze karibu na mbegu, kisha karibu na ganda. Ulaini huanzia ndani.

*Kulainisha nyama ya mbuzi nitumie papai bivu au bichi? – Bungoma*

Bichi. Utomvu wake mweupe una papeini, inayokatakata protini, nao hupungua sana tunda linapoiva. Nusu saa inatosha; ukiilaza nyama usiku kucha itakuwa ugali. Utomvu huwasha ngozi, kwa hiyo nawa mikono mara moja.

*Naweza kuhifadhi papai bichi kwenye friji?*

Hapana. Baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hulidhuru, na halitaiva sawasawa. Liache liive kwanza.

*Mpapai wangu unazaa sana, lakini matunda hayana ladha. – Njoro*

Mpapai ni mti wa joto. Kisumu iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenu Njoro ni zaidi ya 2,000. Matunda yanayokomaa kwenye baridi hupata sukari kidogo. Mche unaofuata uupande karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Na kama jirani huja kuchuma majani ya dawa, mwombe asiupukutishe mti: kila jani bichi linaloondoka ni sukari iliyopotea.