Samaki wa Rufiji na maji yanayopanda

Mwanangu,

Hatujambo huku, mama yako anasema umpigie. Swali lako nimelipata. Mmekaa huko Dodoma mkabishana, mmoja akasema Bwawa la umeme la Nyerere limewamaliza samaki wa Rufiji, mwingine akasema hizo ni porojo, bwawa ni ziwa jipya na samaki watajaa tele. Nawe ukaahidi kumuuliza baba kwa kuwa alikuwa bwana samaki. Haya, nimekaa niandike, maana kwenye simu hukatika kabla hatujafika popote.

Wenzako wote wawili wanazungumza kana kwamba samaki wa Rufiji wanaishi mtoni. Kwa hawa samaki mto ni barabara tu. Pa kuzaliana na kukulia ni yale mabonde yanayofunikwa na maji kila masika, pamoja na maziwa ya pembeni: Utunge, Zumbi, Ruwe, Mtanza na mengine. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za samaki wa Rufiji, mimi namuuliza kwanza mafuriko ya mwaka huo yalikuwaje.

Na maji yenyewe hayatoki Rufiji. Bonde lote la mto huu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania. Zaidi ya nusu ya maji huletwa na Kilombero, inayokusanya mvua za milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe. Luwegu inatoka kusini, inakutana na Kilombero kwenye maporomoko ya Shuguri, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Mkuu unaingia baadaye, karibu na korongo lilipojengwa bwawa. Ndiyo maana mtu wa Utete anaweza kuona maji yanapanda mlangoni ilhali kwake hakujanyesha tone.

Sasa mtazame kambale. Kiangazi chote yuko kwenye kidimbwi cha tope, maji hayana hewa, samaki wengine wanaelea wakifa. Yeye juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama kabeji ndogo nyekundu. Anapanda juu, anapiga funda la hewa, anashuka. Akizidiwa kabisa hutoka usiku na kutambaa kwenye majani mabichi akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani, kutafuta maji mengine. Siku mto unapovuka kingo na maji mapya kuanza kutambaa kwenye nyasi, huyo huyo hupata wazimu. Makundi yanaingia kwenye maji yasiyofika hata magotini, migongo ikionekana, jike na dume wanajikunja, mayai yanamwagwa na kunata kwenye majani. Hawakai kulea, wanarudi zao. Kwa joto la huku mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na vitoto vinajikuta kwenye malisho ya bure: vijidudu, mbu wachanga, mbegu, samadi ya ng'ombe na viboko iliyokuwa imekauka inayeyuka na kuwa chakula. Mafuriko yakikaa wiki nyingi, vinarudi mtoni vikiwa na nguvu. Yakikaa siku chache vinaachwa juu, na ndege, korongo na kwazi, ndio wanaonenepa.

Perege ana utaratibu mwingine. Dume hufukua shimo la mviringo kwenye kina kifupi, jike akitaga anayazoa mayai mdomoni na kuyabeba humo, pamoja na vitoto, bila kula chochote cha maana hadi watoto waweze kujitegemea. Huyu anaweza kuzaliana hata ziwani bila mafuriko. Lakini ziwa lisilofikiwa na mto kwa miaka kadhaa linapungua kina, perege wanazidi kuwa wadogo, na wale samaki wengine wasiozalia humo wanatoweka kwenye nyavu kabisa. Wazee wa Utunge walikuwa wanalijua hili bila darasa. Mto ukishafika ziwani, wanaanza kurekebisha mitumbwi.

Watu nao wamefuata ratiba hiyo hiyo. Mrufiji wa zamani alijenga dungu juu ya nguzo katikati ya shamba, akalima mpunga unaopanda na maji, na maji yakishuka akapanda mahindi na maharage ya mlao kwenye udongo ulioachwa na mto. Kati ya hapo akatega migono, ile mitego ya kusuka kama vikapu, kwenye mikondo ambayo samaki lazima wapite wakirudi. Mvuvi na mkulima alikuwa mtu mmoja. Kambale waliobanikwa juu ya uchaga mpaka wakawa weusi walisafiri mbali, na hata pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ilinukia moshi wa samaki kuliko dizeli.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza, mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, yanayotaja mji wa biashara wa Rhapta kwenye pwani yetu, na kisiwa ambacho watu wake walivua kwa kutumia vikapu badala ya nyavu, wakivitega penye milango ya maji. Madema na migono, basi! Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaiweka Rhapta huku kwetu, karibu na delta ya Rufiji. Wengine wanapinga, na mimi si mtu wa kuamua, ila nikisoma habari ya vile vikapu sioni kitu kigeni.

Ya Wajerumani unayajua kutoka shuleni, nitayapitia haraka. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alisemekana kuzama kwenye kidimbwi cha mto na kutoka mkavu kesho yake, maji yakawa dawa, vita vya Maji Maji vikaanza 1905 na yeye akanyongwa Mohoro mwaka huo huo mwezi wa Agosti. Miaka kumi baadaye, tarehe 11 Julai 1915, Waingereza waliiangamiza manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ulipigwa picha nao ukiwa darasa la tano.

Lililobadilisha uvuvi kuliko vita vyote hivyo ni uhamisho. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, serikali ikaamua watu watoke bondeni waende kwenye miinuko, kwenye vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuwapelekea shule, zahanati na barabara, na kweli vilipatikana kiasi. Lakini shamba lilibaki bondeni na ziwa lilibaki bondeni. Mtu akawa na nyumba juu na dungu chini, msimu mzima anakwenda na kurudi. Tangu hapo uvuvi ukaanza kuwa kazi ya watu maalum, na wageni wenye nyavu ndefu wakapata nafasi, kwa sababu mwenye ziwa hakuwa tena analala kando yake. Kokoro, wavu wa kuburuta chini unaovuruga mpaka mashimo ya perege, liliingia katika pengo hilo. Nilikamata makokoro mengi sana, na bado nasema kukamata nyavu bila kumrudishia mtu ziwa lake ni kazi ya kuzunguka tu.

Kwa hiyo huko mnakobishana msianze na bwawa. Samaki walikwisha kupata misukosuko kabla. Ruaha Mkuu, kwa mfano, ulikuwa unatiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kuanzia 1993 ukaanza kukauka kila kiangazi, maji yakiishia kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Viboko na samaki wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki mpaka maji yanakuwa ya kijani na kunuka. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, kinamasi cha huko Usangu, wengi wakashuka na mifugo kuelekea Kilombero na Rufiji, kwenye nyasi zile zile ambazo kambale anatagia.

Sasa bwawa. Wazo lake ni la zamani, liliwahi kufanyiwa utafiti mkubwa miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Norway, likawekwa kabatini. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Mitambo ni tisa, megawati 2,115 kwa jumla. Mimi sina ugomvi na umeme. Nimesoma kwa kibatari, najua thamani yake.

Linalonishughulisha ni namna linavyofanya kazi. Mtambo wa umeme unapenda maji yaleyale kila siku, Januari kama Agosti. Samaki wa bondeni anapenda kinyume chake kabisa: maji mengi kupita kiasi masika, kisha yashuke polepole. Ukimpa mtambo anachotaka, kilele cha mafuriko kinakatwa na kiangazi kinaongezewa maji. Jumla ya maji kwa mwaka inaweza kubaki karibu ile ile, na bado Ziwa Zumbi lisifikiwe. Mwenzako anayesema "maji si yapo?" umwambie hivyo.

La pili ni tope. Maji yakitulia bwawani, udongo unazama humo humo. Yanayotoka chini ni maangavu, na maji maangavu yenye kasi hula kingo za mto na kuchimba kitako chake. Mto ukizama chini, unahitaji mafuriko makubwa zaidi kuvuka kingo zile zile. Na delta, yenye msitu mkubwa wa mikoko, takriban hekta 53,000, inategemea tope hilo kushindana na bahari. Kambamiti wanazaliwa baharini lakini wanakulia humo kwenye mikoko, palipochanganyika maji baridi na chumvi. Pwani hii ya Rufiji na Mafia ndiyo kitovu cha kambamiti wa nchi. Mwaka 2007 meli kubwa za kuwavua zilisimamishwa kwa sababu walikuwa wameshapungua, na hapo bwawa halikuwepo hata kwa nondo moja.

Tatu, mikunga wa mtoni. Hao wanazaliwa mbali baharini, wanapanda mto wakiwa wadogo kama uzi, wanakaa juu miaka mingi kisha wanashuka kwenda kutaga. Ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 130 haupandiki hata kwa mkunga.

Upande wa pili wa mizani sitaficha. Bonde la Kilombero liko juu ya bwawa, linaendelea kufurika kama zamani, na samaki wake bado wana pa kuzalia. Mjuju, yule mwenye meno ya mbwa ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya pekee mwaka 1986 na kumpa jina la Tanzania, yuko huko. Ziwa jipya nalo litakuwa na samaki, hilo halina ubishi. Bwawa la Mtera kwenye Ruaha Mkuu, lililojazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina wavuvi mpaka leo. Kwa kawaida ziwa la bwawa huanza kwa neema, miti na majani yaliyozama yanaoza na kulisha kila kitu, halafu mavuno yanashuka na kutulia. Kwenye bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, walipoona sehemu ya kina kirefu haina samaki, wakaleta dagaa wa Ziwa Tanganyika miaka ya 1960, ikawa biashara kubwa. Ila mvuvi wa ziwa la bwawa si yule wa Utunge. Neema inahama mkono.

Aprili 2024 uliona picha za Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba chini ya maji. Wanakijiji wakasema bwawa limefunguliwa, serikali ikasema ni mvua za El Niño na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mimi nilichojifunza ni kwamba watu waliokuwa wanajua mto unapanda lini sasa wanasubiri tangazo. Maji yanayotolewa kwa mpango, Machi hadi Mei, kwa kiasi cha kujaza maziwa bila kubomoa nyumba, na taarifa ifike mapema mpaka Mloka na Mohoro, hilo linawezekana, milango ya kutolea maji ipo. Kwa hiyo jibu langu kwa wenzako: bwawa halijawamaliza samaki, na halitawajaza. Waulize linatoa maji kiasi gani mwezi wa Aprili, na nani anaamua.

Na kuna jambo ambalo hamkuligusa, nalo linanitisha kuliko ukuta. Sato wa Ziwa Victoria amesambazwa kwenye mabwawa ya kufugia karibu kila mahali, mvua ikizidi anatoroka. Akikutana na perege wetu wanazaliana, na vitoto vinakuwa chotara wenye uwezo wa kuzaa. Mtiririko wa maji unaweza kurekebishwa kwa kufungua lango. Perege akishachanganyika hakuna atakayemtenganisha. Wanaoleta vifaranga vya sato kwenye bonde la Rufiji wanapaswa kuzuiwa leo.

Ukienda sokoni angalia mkia. Sato ana mistari ya wima iliyopangika mkia mzima, kama imechorwa kwa rula. Perege wa Rufiji mkubwa hana mistari hiyo, na dume akiwa kwenye msimu wake huwa mweusi, pezi la mgongoni limepigwa ukingo mwekundu. Hao samaki unaouziwa huko kwa jina la perege, nipigie picha mkia unaonekana vizuri, nitakuambia ni yupi.

Baba yako