Barua kwa mwanangu: serikali na watu wasio na kazi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu.

Umeniuliza: "Mama, serikali ikiamua kweli, inaweza kuwapa watu kazi, au ni maneno ya kampeni tu?" Nitakujibu kama nilivyowajibu wanafunzi wangu wa kidato cha nne tulipofika kwenye Mdororo Mkuu, yaani anguko la uchumi wa dunia la miaka ya 1930, ila wewe sitakupa mtihani.

Inaweza. Lakini mara nyingi huanza kwa kuharibu. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Mwaka uliofuata Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za nje, nchi nyingine zikalipiza, biashara ikazidi kudorora. Mwaka 1932, watu wakiwa hawana kitu, serikali ya Rais Hoover ikaongeza kodi. Wanajeshi wa zamani walipopiga kambi Washington wakitaka walipwe mapema fedha walizoahidiwa kwa mwaka 1945, waliondolewa na jeshi. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Na viwanda havikuwa vimeungua! Mashine zilikuwepo, mafundi walikuwepo. Aliyekosekana ni mnunuzi. Asiye na mshahara hanunui viatu, kiwanda cha viatu kinapunguza watu, nao wanaacha kununua mkate. Mmoja akibana matumizi ni busara, wote wakibana kwa pamoja ndiyo balaa lenyewe. Hapo anayebaki na uwezo wa kukopa na kutumia ni serikali.

Rais mpya, Roosevelt, aliapishwa Machi 1933. Alifunga benki zote kwa siku chache, akaeleza sababu redioni kwa lugha nyepesi, na zilipofunguliwa watu wengi walirudisha fedha walizokuwa wamezificha. Kisha ukaja mpango ninaoupenda kuliko yote: vijana wa kiume wasio na kazi walipelekwa makambini kupanda miti, kuzima moto wa misitu na kuchonga njia katika hifadhi za taifa. Malipo yalikuwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani. Mama kule kwao akanunua unga, mwenye duka akaagiza mzigo mwingine. Hadi 1942 walikuwa wamepita humo vijana wapatao milioni 3. Mpango mwingine, ulioanza 1935, uliajiri watu zaidi ya milioni 8 kujenga barabara na shule, na hata wachoraji na wanamuziki walipata riziki.

Usidhani ilikuwa pepo. Sheria ya 1935 ya pensheni na bima ya wasio na kazi iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa ndani, yaani sehemu kubwa ya watu Weusi wa kusini. Na mwaka 1937 Roosevelt alidhani mgonjwa amepona, akapunguza matumizi; ukosefu wa ajira ukapanda tena. Ulikwisha kweli viwanda vilipoanza kuunda silaha za vita.

Kwetu je? Bei ya mkonge ilianguka, mashamba yakapunguza manamba, yaani vibarua wa mkataba. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikawahimiza wakulima walime zaidi mazao ambayo bei yake imeshaanguka, na kodi ikaendelea kudaiwa. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi za umma kufidia kodi yake. Mmarekani alilipwa kujenga barabara. Babu zetu waliijenga kwa sababu wanadaiwa. Hapo huwa nakasirika mpaka leo.

Ila usiubebe mpango wa Roosevelt mzimamzima uje nao hapa. Wao walikuwa na viwanda vilivyosimama vikisubiri wateja. Sisi vingi bado havijajengwa. Mradi wa barabara utakulipa miezi kadhaa, lakini mkandarasi akiondoka utarudi kutembeza bahasha.

Mjomba wako anasema ofisini kwao wanatafuta karani wa muda. Mpigie kabla ya Ijumaa.

Mama yako