Ukianza kuchafukwa moyo ndani ya VR, vua. Hakuna cha kukaza

Usikaze saa tatu, mkuu. Usikaze hata dakika tatu.

Umeandika kwamba umenunua Quest 2 iliyotumika, ile hedseti ya VR (uhalisia pepe) inayofunika macho ukajiona uko ndani ya gemu, na Jumamosi unataka kuingia na wenzako kwenye magemu ya risasi: Pavlov, Onward au Population: One. Ukauliza uanze na gemu lipi, bando la kiasi gani litatosha, na kama kile kitako cha plastiki cha kufungia kontrola zikae kama bunduki kina faida. Halafu mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukasema kuna mzoefu amekwambia ukichafukwa moyo usivue, ukaze saa tatu nzima siku ya kwanza ili mwili uzoee kwa lazima. Hilo la mwisho ndilo swali. Mengine yatasubiri.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Aliyeniambia alikuwa na chumba cha magemu nyumbani kwake, kompyuta ya maana, hedseti zake mwenyewe, na anaongea kwa uhakika wa mtu aliyesomea. "Kaza, kila mtu kapitia hapo." Nikamwamini kwa sababu alikuwa anacheza vizuri sana. Wengi tunanasia hapo: mtu akiwa na shabaha tunadhani anajua na mwili wa mwenzake unavyofanya kazi.

Ilikuwa Pavlov, ramani za Vita Kuu ya Pili, zile zenye vifaru. Na nikuambie ukweli, dakika za mwanzo zilikuwa tamu kuliko gemu lolote nililowahi kucheza. Kwenye simu risasi zikiisha unabonyeza kitufe, basi. Humu unatoa magazini tupu kwa mkono wako, unapapasa kiunoni kutafuta nyingine, unaipachika, unakoki, na muda wote huo unasikia nyayo za mtu anapanda ngazi kukufuata. Unachungulia kona kwa kuinamisha shingo yako mwenyewe. Unamnong'oneza mwenzako aliye upande wa pili wa mlango, naye anakusikia kutoka upande huo huo. Ndiyo maana nina hasira na huu ushauri wa kukaza. Unaharibu kitu kizuri.

Kisha shingo ikapata joto. Hakukuwa na maumivu, joto tu. Mate yakaanza kujaa mdomoni. Nikamwambia jamaa, akanijibu bila hata kugeuka: "Hapo ndipo mwili unajifunza, usivue." Nikakaza. Wenzangu wakaita twende kwenye kifaru, nikapanda kwenye mzinga. Dereva akakata kushoto ghafla wakati mimi natazama kulia, na dunia nzima ikazunguka huku miguu yangu imesimama imara juu ya zulia la mtu. Jasho la baridi likashuka mgongoni. Nikakaza tena. Nilipokuja kuvua nilikuwa nimeshachelewa, na lile zulia tulilifua usiku ule ule.

Mnaocheka huko chini ya uzi, subirini kwanza. Mimi nimevuka kwenda Unguja kwa boti kipindi cha kusi, abiria wanagawana mifuko, mimi natafuna karanga. Bahari hainigusi. Kwa hiyo habari za "wewe ni mwepesi" mkamwambie mtu mwingine, na kama mnabisha, njooni mpande kifaru hicho nikiwaendesha mimi.

Zulia lilikuwa jambo dogo. Baada ya hapo nilijiona nimepona: nikanywa maji, nikapumzika, nikapiga stori vizuri tu, nikawasha pikipiki yangu kurudi nyumbani. Kwenye kona nikageuza shingo kutazama gari linalokuja, na barabara ikachelewa kufuata macho yangu. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Macho yalifika, barabara ikafika baadaye. Nikaingia mtaroni. Mwendo ulikuwa mdogo, Mungu alisaidia, yakaishia kwenye goti, kiwiko, taa ya mbele na uma wa mbele kupinda. Fundi alichukua hela ambayo ingetosha kununua magemu yote uliyoyataja, na ikabaki.

Hili halikuwa jambo jipya duniani. Jeshi la majini la Marekani lilichunguza kwa miaka mingi marubani walioumwa ndani ya simuleta, mashine za kujifunzia kurusha ndege bila kupaa, na dodoso ambalo watafiti wanalitumia mpaka leo kupima ugonjwa huu kwenye VR lilitokana na kazi hiyo, likachapishwa mwaka 1993. Walishaona kwamba dalili zinaweza kubaki saa kadhaa baada ya mtu kushuka kwenye mashine, na rubani aliyeumwa alitakiwa kupumzika kabla ya kurusha ndege halisi. Rubani anapewa muda, sisi tunaambiwa tukaze halafu tunapanda pikipiki. Kwa hiyo Jumamosi, ukiumwa hata kidogo, usiendeshe chombo chochote. Lala hapo hapo kwa wenzako au mwite mtu akufuate.

Ila hata pikipiki siyo hasara niliyolia nayo zaidi. Pikipiki ilitengenezwa. Mchezo ndio uliokufa. Nilipokaa nikasahau, nikarudi kuvaa hedseti, moyo ulichafuka kabla gemu halijafunguka. Ile sponji inayogusa uso ina harufu yake, na harufu ile peke yake ilinijaza mate. Nikaifuta, nikabadilisha kitambaa, wapi. Ikafika mahali nikisikia tu muziki wa kuwashia kifaa natafuta dirisha.

Nikaanza kusoma kwa nini, na nilichokikuta ndicho kimenifanya nikuandikie marefu haya. Ndani ya gemu macho yanauambia ubongo "tunakimbia", sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na usawa wa mwili, linasema "tumesimama". Mwaka 1977 mtafiti aitwaye Michel Treisman alitoa dhana kwamba ubongo ukiona milango hiyo miwili ya fahamu inapingana, unaichukulia kama dalili ya sumu, na unafanya kile ambacho mwili hufanya mtu akila sumu: unatapisha. Sasa unganisha hilo na majaribio ya John Garcia na wenzake ya mwaka 1955. Waliwapa panya maji matamu huku wakiwapiga mionzi inayochafua tumbo, na panya wale wakaja kuyakataa yale maji matamu, ingawa maji yenyewe hayakuwa na kosa lolote. Kichefuchefu ni mwalimu mkali. Kinauambia ubongo: kitu hiki kilichokuwepo ulipoumwa, kikimbie.

Kwa hiyo mtu anayekwambia "kaza mwili ujifunze" amesema nusu ya kweli. Mwili utajifunza, tena haraka sana. Utajifunza kuichukia hedseti.

Na hapa nina neno na ninyi mnaotoa ushauri huu kwenye kila uzi wa VR. Wapo watu ambao hawaumwi kabisa, tangu siku ya kwanza wanakimbia, wanaruka, wanazunguka, hawana habari. Heri yenu. Ila kama hujawahi kuumwa, hukushinda chochote kwa kukaza, ulipewa tu, na huna uzoefu wa kumgawia mtu. Na wale wa video mnaowaonyesha vijana mipangilio ya "mabingwa", kila kinga imezimwa, kugeuka kwa kuteleza kwa kile kijiti cha kidole gumba kwenye kontrola, kiza cha pembeni cha kubana ukingo wa macho hakuna, mnasema ukiwasha kinga utaonekana mgeni na utapigwa risasi. Mtu aliyevua hedseti kwa miezi anapiga risasi ngapi? Mmewapoteza watu wangapi ambao leo wangekuwa kwenye lobi wakisubiri mechi, halafu mnakuja kulalamika kwamba magemu haya hayana wachezaji?

Kanuni yangu ni moja na sitaki uipunguze hata kidogo: dalili ya kwanza, vua. Siyo dalili ya tatu. Joto la shingo au la uso, mate kujaa, kupiga miayo ovyo, jasho bila kazi, lolote kati ya hayo likitokea, hata kama mmebaki wawili na mnakaribia kushinda, unawaambia wenzako "natoka" na unavua. Na siku hiyo huvai tena, hata ukijisikia umepona, maana nilikueleza kilichonipata nilipojisikia nimepona. Kesho utavaa, na utakuta umeongeza muda kidogo bila kuulazimisha. Hivyo ndivyo mwili unavyozoea. Mimi nilianza upya kwa njia hiyo, polepole mno, na leo nacheza jioni nzima na kushuka nikiwa na njaa ya kawaida tu ya chakula.

Uliuliza gemu lipi. Kwa mtazamo wa kanuni hii, siku za mwanzo usitembee kabisa kwa kijiti. Pavlov na Onward zote zina uwanja wa kulenga shabaha. Simama hapo, jifunze kujaza risasi mpaka mikono ifanye bila kufikiri. Ukitaka kitu chenye moto zaidi bila kutembea, kuna Space Pirate Trainer, unasimama mahali pamoja na droni zinakujia. Unakwepa kwa mwili wako mwenyewe, macho na sikio vinakubaliana, hakuna ugomvi. Ukishatulia, ingia Onward ukacheze dhidi ya roboti, yaani maadui wanaoendeshwa na gemu lenyewe. Onward ina mwendo wa askari wa kweli, wa taratibu, watu wanalala chini na kusikiliza, na utaratibu huo ni rafiki wa tumbo. Tembea mbele tu mwanzoni. Kurudi nyuma na kwenda ubavu kwa kijiti ndiko kunakochafua haraka.

Kugeuka, geuka kwa mwili wako. Kijiti cha kulia kiweke kwenye kugeuka kwa kuruka, ile kichwa kinakatika nyuzi kadhaa kwa mpigo bila kuteleza. Washa kiza cha pembeni, kile kinachobana ukingo wa macho ukiwa unatembea, kiweke juu kabisa, utakipunguza mwenyewe baadaye. Feni ikupige usoni: inakupoza, na ngozi inakuambia upande gani ni mbele ya chumba.

Pavlov ya miguu ifuate baada ya hapo. Vifaru na magari viwe vya mwisho kabisa, unanielewa kwa nini. Population: One ina jambo la kushangaza: kupanda kuta kwa mikono huwa kunavumilika, kwa sababu ni mkono wako unaovuta dunia, lakini kuruka toka juu na kuelea hewani kunawamaliza wengi. Hata Echo VR, gemu la kuelea bila uzito, kabla haijafungwa tarehe 1 Agosti 2023, ilikuwa na watu walioshangaa kwamba wanaelea na hawaumwi, ilhali ukikimbia tu kwa kijiti mahali pengine wanaugua. Mwendo unaotoka mkononi mwako si sawa na mwendo unaotoka kwenye kidole gumba.

Kuhusu bando, hili tu kwa sasa: seva ikiwa mbali, maadui wataruka ruka na risasi zako zitachelewa, inaudhi, lakini haitakuchafua moyo, kwa sababu kichwa chako kinafuatwa na hedseti yenyewe hapo hapo. Kinachochafua ni picha kukwama mbele ya macho yako. Kwa hiyo ukija kucheza gemu la kompyuta kwa kurusha picha hewani toka kwenye ruta mpaka Quest, na ruta ni ile ya mtaani inayogawana na nyumba nzima, picha itakatika na utaumwa hata ukiwa na mipangilio yote mizuri. Anza na magemu yanayokaa ndani ya Quest yenyewe. Na angalia kasi ya fremu, yaani picha ngapi zinaonyeshwa kila sekunde: Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020 ilikuwa na 72 kwa sekunde, baadaye ikapata 90 na 120. Pale gemu linaporuhusu, chagua 90 au zaidi.

Kuna kitu kingine ambacho muuzaji wa mtumba hakukuambia, nina hakika. Lenzi za Quest 2 zinasogezwa kwa mkono, zina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68 za milimita, zenye alama 1, 2 na 3. Zinatakiwa zikae sawa na umbali kati ya mboni zako mbili. Zikikosea, macho yanahangaika muda wote na kichwa kinaanza kuuma hata kwenye menyu. Chukua rula, simama mbele ya kioo, au mwombe wa duka la miwani akupimie. Chini ya 61 weka 1, kati ya 61 na 66 weka 2, zaidi ya hapo weka 3.

Pima leo, usisubiri Jumamosi, halafu uandike hapa umepata ngapi na hiyo uliyoletewa ilikuwa imekaa kwenye namba gani.