Tuta Pekee Halitaliokoa Bonde la Lukuledi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama tuta refu la udongo kandokando ya Mto Lukuledi, kusini mwa Tanzania, litayaokoa mashamba ya bondeni na mafuriko. Nasema hapana. Udongo wa kando ya mto una mchanga mwingi. Maji yakiliegemea tuta kwa siku mbili tatu, hupenya chini yake na kutoka na chembe za mchanga, mpaka tuta linabonyea na kukatika mahali pamoja. Shamba ambalo maji yangelipandia polepole sasa linapigwa na mkondo wenye kasi. Mvua iliyonyesha shambani kwenyewe nayo haina pa kutokea, na jirani wa ng'ambo anasukumiwa maji yote. Barabara iliyoinuliwa hufanya vivyo hivyo ikiwekewa kalvati chache, yaani mabomba ya kupitisha maji chini yake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa.

Lukuledi hupita kati ya miinuko ya Makonde na Rondo na kumwaga maji Ghuba ya Lindi. Miteremko ikifyekwa kwa ajili ya ufuta na kuchomwa moto, mvua hushuka na tope. Tope hilo hutuama bondeni, kitanda cha mto kinapanda, na tuta lililotosha mwaka jana linakuwa fupi. Kwa hiyo anayelima mteremkoni alime kwa kukinga mteremko. Akilima kuelekea chini, kila mfereji kati ya matuta yake ni njia ya maji.

Kuhusu ukingo, sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pimeni kwa kamba ya mita 20, mara tatu, mkianzia juu ya ukingo. Mkianzia kwenye maji ya Oktoba, mtajidanganya, kwa sababu mto wa kiangazi ni mwembamba.

Palipobomoka, vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu inayoshika udongo, husaidia sana ikipandwa sawasawa. Ukingo uliosimama wima uchongwe kwanza, kila mita moja ya kimo ipewe mita moja na nusu au mbili za mlalo. Bila hivyo majani yataporomoka pamoja na udongo. Chora mistari ya kontua, yaani inayofuata usawa mmoja wa mteremko, kwa fremu A, kifaa cha miti chenye umbo la herufi A cha kupimia usawa, kila mstari ukiwa mita moja chini ya mwingine kwa kimo. Kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, kisha panda vichipukizi viwili au vitatu kila shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo. Msiruke hata shimo moja: maji hukusanyika penye pengo na kuchimba hapo hapo. Pandeni ardhi ikishalowa, Desemba, ili mizizi ishike kabla ya maji makubwa ya Machi na Aprili. Mwaka wa kwanza ng'ombe wasiingie kabisa. Nyuma ya vetiva acheni matete, mianzi na mikuyu. Madimbwi ya asili yasifukiwe, maana hupokea maji ya ziada na kambale huzaliana humo.

Linaloniuma zaidi ni uchimbaji wa mchanga mtoni. Shimo likichimbwa katikati ya mkondo halibaki pale. Maji hula ukingo wake wa juu, shimo likatambaa kuelekea chanzo, kingo zikakosa pa kusimama, na nguzo za daraja zikabaki wazi. Kama kijiji lazima kiuze mchanga, kiwe na kibali na kichukue ule uliorundikana upande wa ndani wa kona, juu ya usawa wa maji ya kiangazi, mbali na daraja. Upande wa nje wa kona, ambako mkondo unagonga, pasiguswe hata kwa koleo.