Kru lida mpya: kinachokumaliza ni timekadi (karatasi ya masaa ya kazi) na 1250 (fomu ya kuombea vifaa), vijana hawana tatizo

Mkuu umesema umepewa kru ya watu 7 kwenye batalioni ya Seabees (wajenzi wa jeshi la majini la Marekani), site kazi inaenda ila kila wiki unaitwa ofisini kwamba masaa uliyoandika hayaendani na kazi iliyofanyika, na vifaa kila siku vinachelewa. Nimekuwa kru lida huko, hilo nalijua, tena lilinikuta kwa uzembe wangu mwenyewe.

Tulikuwa tunaezeka. Nikajaza 1250-1 ya skrubu za bati, kwenye idadi nikaandika 12, kichwani kwangu ni boksi 12, ila kwenye kizio nikaacha EA (moja moja) badala ya BX (boksi) kwa sababu nilikuwa nakopi fomu ya jana ya kitu kingine kabisa. Kijana niliyemtuma MLO (ofisi ya stoo ya vifaa vya mradi) akarudi kashika kifuko cha nailoni, ndani skrubu 12, unazihesabu kwa macho tu. Watu 6 wako juu ya paa wananitazama. Jamaa wa stoo hana kosa, katoa kilichoandikwa na saini ni yangu. Ikabidi fomu ianze upya, saini upya, toka saa moja asubuhi mpaka saa tano ndo skrubu zinafika.

Sasa hapo ndo nikafanya ujinga wa pili, ambao nahisi ndo ugonjwa wako. Kwa aibu nikayaandika yale masaa 4 kama leba ya dairekti, yaani kazi ya ujenzi wenyewe, eti tulikuwa tunapiga bati. Watu 6 mara 4 ni masaa 24, na siku-mtu moja kwa Seabees ni masaa 8, kwahiyo nimeubebesha mradi siku-mtu 3 na hakuna bati hata moja lililopigiliwa. Mwisho wa wiki masaa yamepanda, asilimia ya paa iko palepale, naulizwa vijana wako wanalala huko juu? Nikabaki nakodoa macho. Ningeandika kwamba tulisubiri vifaa, karatasi yenyewe ingenitetea.

Kwahiyo zile kodi za kwenye timekadi (alama za aina ya kazi) usizione za makarani. Dairekti ni kazi inayojenga chenyewe kilichoko kwenye mchoro, iwe site au karakana. Indairekti ni ile ya kuisaidia, mfano kutunza vifaa vya kazi. Mafunzo yana kodi yake, mambo ya silaha na utayari yana yake, na aliyeenda kliniki au yuko likizo ni ovahedi. Usimwage watu wote 7 kwenye dairekti masaa 8 kila siku, hakuna kru duniani inayofanya hivyo na ofisini wanajua, afu mbaya zaidi hayo masaa ya uongo ndo yanaharibu makadirio ya anayekuja kupanga kazi kama hiyo baadaye.

Kwenye vifaa, chukua ratiba yako ya wiki 2, kila kazi iliyomo ikague na BM (orodha ya vifaa vya mradi) laini kwa laini, kipo MLO au bado hakijafika? Omba kabla hujaanza kukihitaji. Kwenye fomu weka namba ya laini ya BM, namba ya stoku yenye tarakimu 13 kama ipo, saizi, halafu kizio ukisome mara mbili, nakusihi. Na wakikupa nusu usisaini kama umepokea yote, hesabu palepale kaunta hata kama foleni inakununia, maana ukishatoka pale kilichopungua ni chako. Mimi nilikuwa na kadaftari, tarehe niliyoomba, tarehe niliyopata, kilichobaki, basi. Vifaa vya mkono ni hivyohivyo, kagua kiti (seti ya zana) na mwenzako kabla ya kusaini.

Ulichouliza mwisho, timekadi ujaze lini: mchana kabla ya kula na jioni kabla hamjapanda gari, ukiwa bado site. Ukisema utajaza usiku kambini utakuwa unabuni, hutakumbuka nani alienda kuchukua nondo na nani alibaki anafunga. Mimi nilikuwa naiandika juu ya boneti ya gari vijana wakikusanya vifaa, namuuliza kila mmoja kwa jina leo ulifanya nini, haizidi dakika kumi.